Muuzaji wa maji anasema wanasayansi wanamwonea wivu. Nimjibu nini?

Kadogo wa Umoja

Hamjambo nyote. Nisaidieni kabla sijagombana na mama yangu mzazi.

Jumamosi iliyopita chama chao cha akina mama kule Kariobangi South kilialika mgeni. Alikuja na kompyuta na mashine ndogo yenye kijiti cha chuma. Unakishika kijiti kama dakika moja hivi, kompyuta inatoa kurasa nane za magonjwa yako. Mama, ambaye vidonda vya tumbo vimemsumbua tangu nikiwa darasa la sita, akaambiwa kwamba maji ya mwilini mwake "yamesahau". Dawa yake ni maji mengine, yaliyotiwa kumbukumbu ya dawa. Chupa tatu, shilingi 6,500. Akatoa pesa za kodi ya kibanda.

Jioni nilimpigia huyo mgeni simu nikiwa nimejiandaa kwa vita. Kumbe mtu ana ulimi wa asali. Aliniuliza kama najua kwamba kumbukumbu ya maji ilionyeshwa na mwanasayansi Mfaransa na kuchapishwa katika jarida la Nature mwaka 1988. Nimetafuta, na makala ipo kweli! Akaniuliza tena kama najua kwamba Mwaustralia aliyesema vidonda vya tumbo huletwa na bakteria alichekwa na mabingwa, kisha akapewa tuzo ya Nobel. Nimetafuta, hilo nalo ni kweli. Halafu akanitumia kwa WhatsApp makala ya kurasa nne kuhusu mashine yake, iliyotoka kwenye "jarida la kimataifa lenye uhakiki". Akamalizia: "Dada yangu, hao wahakiki ni watu wanaolindana. Kila kitu kipya wanakipiga teke."

Mimi ni fundi wa nguo, sayansi niliiachia kidato cha nne. Huo uhakiki ni kitu gani hasa? Makala ikipita, si basi ni kweli? Na ikikataliwa, nitajuaje kama ilikataliwa kwa kuwa ni upuzi au kwa kuwa ni mpya?

Mwanafunzi wa Miaka Saba

Kadogo, nianze na hiyo ya kurasa nne, maana hiyo najua inakopikwa.

Kwa kawaida ukiandika makala, mhariri wa jarida huituma kwa watu wawili au watatu wa fani yako. Mara nyingi hujui ni akina nani, na mara nyingi hawalipwi. Wanaisoma, wanauliza mbona umefanya hivi na si vile, wanapendekeza ikubaliwe, irekebishwe au itupwe. Mimi nimewahi kurudishiwa maswali 43, nikayajibu kwa miezi mitano huku nikitukana kimoyomoyo.

Lakini kuna majarida mengine ambayo kazi yao ni kupokea pesa. Nilipobanwa na masharti ya kuhitimu, nilipata barua pepe iliyoniita "Profesa Mheshimiwa". Mimi, ambaye nilikuwa nakula githeri mara mbili kwa siku. Nikalipa dola 150. Baada ya siku tatu nikajibiwa kwamba makala imekubaliwa, nirekebishe tu nukta. Miezi baadaye nikagundua kwamba nilikuwa nimebadilisha vichwa vya majedwali mawili, hili likakaa pa lile, na hakuna aliyeona. Sijivunii.

Wala si mimi peke yangu. Mwaka 2013 mwandishi John Bohannon alitunga utafiti wa uongo kuhusu kemikali inayopambana na saratani, wenye makosa ambayo mhakiki makini angeyaona, akaweka majina ya kubuni ya Kiafrika na taasisi zisizokuwepo, akautuma kwa majarida 304. Majarida 157 yaliukubali. Kwa hivyo usiulize tu kama makala imechapishwa. Uliza ni wapi.

Mpimaji Mstaafu

Kadogo mwanangu, nimefanya kazi ya maabara miaka 31, mingi yake nikiwa nimeinamia hadubini. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana bila hilo hutaelewa yaliyompata huyo Mfaransa.

Mwaka 1987 nilikuwa kijana katika maabara ya hospitali moja hapa jijini. Nilisoma slaidi za malaria. Tone la damu linapakwa kwenye kioo, linakaushwa, linatiwa rangi ya Giemsa, halafu unatafuta kimelea: kijipete cha buluu chenye kito chekundu. Kidogo mno. Na punje za rangi isiyochujwa vizuri hufanana nacho, hasa saa nane mchana ukiwa na slaidi arobaini mezani na daktari ameandika kwenye fomu "malaria kali".

Mkubwa wetu alikuwa Mtaita mmoja mpole, mtu wa maneno machache. Ijumaa moja alichukua slaidi ishirini nilizokwisha kuzisoma, akabandua majina, akaweka namba zake, akanirudishia Jumatatu kama slaidi mpya. Nikasoma. Kati ya zile nilizoandika kwamba zina vimelea, saba safari hii sikuona kitu. Hakunifokea. Alizipanga fomu za kwanza kando ya za pili, akasema: "Hukuwa ukisoma damu, kijana. Ulikuwa ukisoma fomu." Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa twende Ufaransa. Jacques Benveniste hakuwa tapeli wa mtaani. Alikuwa mtafiti mwenye jina, na maabara yake ilikuwa Clamart, karibu na Paris. Watu wake walichukua kingamwili, wakaizimua kwa maji, wakaizimua tena na tena mpaka ikawa si rahisi hata chembe moja yake kubaki. Kisha wakasema hayo maji bado yanasisimua aina fulani ya chembe nyeupe za damu, kana kwamba kingamwili ipo. Walijuaje? Kwa kuzihesabu chembe kwa macho, chini ya hadubini. Ukisikia hivyo, mtu wa maabara lazima ushtuke.

Wahakiki wa Nature hawakuamini, lakini pia hawakupata kosa la wazi kwenye karatasi. Mhariri, John Maddox, akaomba kwanza maabara nyingine zijaribu, halafu akaichapisha Juni 1988 pamoja na onyo, kwa sharti kwamba yeye na watu wake wataenda kujionea. Wakaenda Julai: Maddox mwenyewe, mtafiti Mmarekani Walter Stewart, na James Randi, mwanamazingaombwe! Nimeipenda sana hiyo. Mwanasayansi huona haya kudhani mwenzake anajidanganya, lakini mtu wa mazingaombwe anaishi kwa kujua jicho linavyodanganywa.

Walipohesabu huku wakijua chupa ipi ina nini, matokeo yalikuja. Ndipo wakazificha alama za chupa. Orodha ya siri waliifunga ndani ya bahasha, wakaizungushia karatasi ya foili, wakaibandika darini ili asiwepo wa kuigusa. Watu wakahesabu bila kujua. Bahasha ilipofunguliwa, kumbukumbu ya maji haikuonekana. Benveniste alilalamika vikali kwamba alidhulumiwa, na aliendelea kuamini. Lakini huyo muuzaji wako amekusomea ukurasa wa kwanza akafunga kitabu. Nature ndiyo iliyochapisha Juni, na ni Nature hiyo hiyo iliyochapisha ripoti ya bahasha mwezi uliofuata.

Usidhani nawacheka Wafaransa. Sisi tulikuwa na letu. Mwaka 1990 watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wakiongozwa na Davy Koech, walitangaza Kemron, dawa yenye intaferoni kidogo sana (protini ya kinga ya mwili) ambayo mgonjwa wa UKIMWI anaiacha iyeyukie mdomoni. Rais Moi akaizindua mwenyewe mwezi Julai. Ilisemwa kwamba wagonjwa wanapata nguvu na kunenepa, na kwamba wengine wakipimwa tena hawaonekani kuwa na virusi. Kumbuka mwaka 1990 ugonjwa huo ulikuwa hukumu ya kifo. Nilinunua magazeti yote matatu siku hiyo na kuyabandika maabara. Mwafrika amepata dawa ya ugonjwa ulioshinda wazungu! Mwenzetu mmoja akauliza tu, huku anaosha vioo: "Waliwalinganisha na nani?" Nilimwita msaliti. Hatukuzungumza wiki mbili.

Na Kemron ilikuwa imechapishwa, mwanangu. Makala ilikuwa katika East African Medical Journal mwaka huo huo. Kilichokosekana ni kundi la wagonjwa wengine waliopewa kidonge kitupu bila wao wala daktari kujua. Mgonjwa aliyekata tamaa ukimpa kitu huku rais anakisifu, atasema amepata nafuu, na wewe unayempima utaiona hiyo nafuu. Majaribio ya namna hiyo yalipofanywa, likiwemo kubwa lililofanyika Uganda na kuchapishwa 1998, wenye Kemron na wenye kidonge kitupu hawakutofautiana. Yule mwenzangu wa kuosha vioo nilimwomba radhi katika harusi ya binti yake, tena nikiwa nimechelewa miaka minane.

Jicho la Kawangware

Mzee, heshima kwako, lakini unawapaka wahakiki mafuta. Huyo muuzaji ni mwizi, sawa. Hoja yake si ya kutupwa yote.

Mei 2020, katikati ya korona, Lancet, jarida kubwa la madaktari, ilichapisha makala iliyosema hidroksiklorokwini, dawa ya malaria iliyokuwa ikijaribiwa kwa korona, inaua wagonjwa. Data eti ya watu 96,000 kutoka mabara sita, zimekusanywa na kampuni moja ndogo ya Marekani, Surgisphere. Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda sehemu hiyo ya jaribio lake. Makala ilikuwa imehakikiwa, eti. Juni 4 ikaondolewa, kwa sababu kampuni ilikataa kuonyesha data. Hata hospitali za Afrika zilikuwemo humo na rekodi zao zote safi kwenye kompyuta. Mtu yeyote aliyewahi kutafuta faili yake kwenye hospitali ya kaunti angecheka. Hao wahakiki hawakucheka kwa sababu hawajawahi kufika.

Na sisi tukituma kazi kutoka hapa tunaambiwa, "Hii ni sampuli ya Kenya tu, ina maana gani kwa dunia?" Wa Ohio, Marekani, hawaulizwi Ohio ina maana gani kwa dunia. Isitoshe, Nature yenyewe haikulazimisha uhakiki kwa kila makala hadi 1973. Ile ya Watson na Crick ya 1953, iliyoeleza umbo la DNA, ilipita bila wahakiki. Je, DNA ikavunjika?

Mwalimu wa Dagoretti

Naingilia kidogo kwa sababu kila mwaka nawapeleka wanafunzi Makavazi ya Kitaifa pale juu ya Museum Hill, na kuna fuvu moja la binadamu wa kale huwa nasimama nalo mpaka walinzi wananizoea.

Namba yake ni 1470. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, Mkenya, aliona vipande vya mfupa kwenye korongo huko Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana. Vikaunganishwa, vipande zaidi ya mia. Richard Leakey akaandika katika Nature 1973 kwamba ni wa karibu miaka milioni 2.9, kwa sababu safu ya majivu ya volkeno iliyo juu yake ilikuwa imepimwa Uingereza na kupewa milioni 2.6. Vipimo vilihakikiwa. Viko kwenye jarida kubwa. Nani abishe?

Nguruwe. Basil Cooke, mtaalamu wa masalia ya nguruwe wa kale, akasema nguruwe waliochimbwa chini ya majivu yale ni wale wale wa Omo, Ethiopia, ambao ni wa karibu milioni 2 tu. Nguruwe hawawezi kuwa na umri mmoja Ethiopia na mwingine Kenya. Kwa miaka mingi watu walinuniana. Maabara nyingine zikapima majivu tena, na mwisho ikakubaliwa ni milioni 1.88 hivi. Wanafunzi wangu wakisikia kwamba nguruwe walimshinda mzungu wa mashine, hawasahau tena.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Kawangware, nakubali wahakiki hukosea. Ila aliyerekebisha hakuwa mtu wa nje aliyesema "mnanionea wivu". Alikuja na meno ya nguruwe.

Mpimaji Mstaafu

Kawangware, hiyo ya Ohio umenigusa kidonda. Mwaka 1996 makala yetu ya minyoo ilirudishwa kwa swali hilo hilo. Nakuachia hoja hiyo yote, sina la kukupinga.

Ila kwa Surgisphere, tazama nani alimkamata mwizi. Zaidi ya watafiti 100 waliandika barua ya wazi baada ya siku chache, wakiuliza hospitali hizo ni zipi. Wahakiki wawili au watatu ni kama askari wa getini: anatazama mkoba, hapekui soksi. Upekuzi wenyewe hufanyika ukishaingia ndani, na watu usiowajua, miaka hata kumi. Muuzaji anataka apite getini kisha asipekuliwe, au akizuiwa getini aseme ndiyo dalili kwamba amebeba dhahabu.

Sasa Kadogo, nimekumbuka jambo usiku nikaamka. Huyo Mwaustralia wake! Barry Marshall na mwenzake Robin Warren, wa Perth. Ni kweli mwaka 1983 muhtasari wao ulikataliwa na chama cha madaktari wa tumbo cha Australia. Ni kweli mwaka 1984 Marshall alikunywa mchuzi wa bakteria akaugua tumbo. Lakini mwaka huo huo wa 1984 Lancet iliwachapisha, na madaktari wa nchi nyingine, wengi wao wakiwa na shaka, wakatafuta bakteria huyo kwa wagonjwa wao wenyewe wakamkuta. Wakawapa antibayotiki, vidonda vikapona visirudi. Kufikia 1994 Marekani ilikuwa inapendekeza tiba hiyo. Nobel ikaja 2005.

Maana yake nini kwa mama yako? Kuna kipimo. Unapeleka choo kwenye kikopo, wanatafuta huyo bakteria, anaitwa H. pylori, na akipatikana kuna vidonge vya wiki mbili. Huyo jamaa ametumia jina la mtu aliyegundua tiba ya ugonjwa wa mama yako ili kumwuzia mama yako maji! Mama amewahi kupimwa hicho kitu?

Kadogo wa Umoja

Narudi na habari, samahani nimechelewa, nilikuwa na sare za shule za kushona.

Hajawahi kupimwa. Miaka yote hiyo ni vidonge vya kutuliza asidi na kuambiwa apunguze mawazo na pilipili.

Mzee, nilimsomea mama kile kisa cha slaidi ishirini. Alicheka, halafu akanyamaza. Mweka hazina wa chama chao, anayeitwa Christine, naye alikuwepo, na yeye ndiye aliyepata wazo. Mgeni aliporudi Jumamosi, Christine alipimwa kama kawaida. Baada ya saa moja akajifunga leso nyingine, akarudi kwenye foleni, akamwambia yule kijana msaidizi jina lake ni Chris na umri wake ni miaka 31. Ana 54. Kijana hakuinua hata macho kwenye kompyuta. Karatasi ya kwanza ilisema figo zake zimechoka na mifupa imepungua. Ya pili ilisema figo ziko sawa kabisa, mifupa ya chuma, ila kwenye ukurasa wa tano ikaandika kwamba tezi dume yake imeanza kuvimba.

Wale akina mama walisoma kwa sauti. Sijui kama waliosikia walikuwa mtaa mzima.

Nilimwuliza mgeni kama angekubali tufiche chupa, tatu zake na tatu za mfereji, mashine izichague. Akasema mashine haifanyi kazi penye watu wenye shaka. Amerudisha shilingi 4,000 kwa chupa mbili ambazo hazijafunguliwa. Ile ya tatu mama alishainywa.

Alipimwa choo Jumanne, akakutwa na bakteria. Alipewa vidonge vya siku 14. Leo ni ya tisa, na analalamika kwamba vinamwachia ladha ya shaba mdomoni, kama amelamba sarafu.